Kepler na Fimbo ya Muuza Mvinyo

Mtu yeyote aliyesoma PCM au PGM analijua jina la Johannes Kepler. Sheria tatu za sayari, obiti ya duaradufu, kipindi mraba kinaendana na umbali mchemraba; ukikariri vizuri unachukua maksi zako na kusonga mbele. Lakini uliza huyu mtu aliishi vipi, alikula nini, alimdai nani, utakutana na ukimya. Na ukisema kwamba aliwahi kuandika kitabu kizima kuhusu mapipa ya mvinyo, watu wa kimbwetani watadhani unapiga stori. Aliandika kweli. Nakileta kitabu hicho hapa, pamoja na mwandishi wake, hasa kwa ajili ya wale jamaa wa mwaka wa nne wanaokesha maabara ya kompyuta wakiiuliza programu ya CAD tangi lao litabeba lita ngapi.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani ya leo. Babu yake aliwahi kuwa meya wa mji huo, ila enzi za mjukuu mali ilikuwa imeshayeyuka. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa, leo vita hivi, kesho vita vile, na mwishowe aliondoka moja kwa moja asirudi. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni na alijua dawa za mitishamba. Mkumbukeni huyo mama, tutakutana naye tena mahakamani. Utotoni Johannes aliugua ndui, ikamwachia macho hafifu na mikono isiyo na nguvu. Ndiyo, mtu aliyekuja kueleza mwendo wa sayari hakuwa akiziona vizuri. Hata hivyo, mwaka 1577, akiwa hajafikisha miaka sita, mama yake alimpandisha mahali pa juu ili akaione nyota yenye mkia iliyokuwa gumzo la Ulaya nzima.

Alisoma kwa ufadhili wa mtawala wa Württemberg, ambaye serikali yake ilisomesha vijana maskini wenye akili. Mwaka 1589 akaingia chuo cha Tübingen, shabaha yake ikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri. Hapo alikutana na mwalimu wa hisabati, Michael Maestlin, mmoja wa wachache wakati huo waliokubali hoja ya Copernicus kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kabla hajamaliza theolojia, mwaka 1594, shule moja ya Graz huko Austria ikafiwa na mwalimu wa hisabati, na chuo kikampeleka Kepler. Hakufurahi. Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi wachache, mwaka wa pili hakuja hata mmoja, ikabidi apewe masomo mengine ya kufundisha ili mshahara wake uwe na maana. Wahadhiri mnaolalamikia mahudhurio, mna mwenzenu.

Mwaka 1600 Waprotestanti walifukuzwa Graz, naye akaenda Praha kufanya kazi na Tycho Brahe, Mdenishi tajiri aliyekuwa na vipimo bora vya sayari kuliko mtu yeyote duniani. Brahe alifariki Oktoba 1601. Kepler akarithi cheo cha mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II, na, baada ya mvutano na familia ya marehemu, akabaki na vile vipimo. Akaanza kushughulika na sayari ya Mirihi. Alijenga obiti ya duara iliyokaribia sana ukweli, ikapishana na vipimo vya Brahe kwa dakika 8 tu za digrii. Hiyo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu unavyouona angani. Mtu mwingine angesema imetosha, tuandike ripoti. Kepler aliona kuwa Brahe hakuwa mtu wa kukosea kwa dakika 8, kwa hiyo aliyekosea ni duara lenyewe. Akalitupa, akaanza upya. Mwaka 1609 kitabu chake Astronomia Nova kikatangaza kwamba Mirihi inatembea kwenye duaradufu.

Mtu wa namna hiyo, asiyeweza kulala kwa sababu ya dakika 8, ndiye aliyekuja kuuziwa mvinyo.

Mwaka 1611 ulimpiga vibaya. Mwanawe Friedrich, wa miaka sita, alikufa kwa ndui. Miezi michache baadaye mkewe Barbara naye akafariki. Kaisari Rudolf alilazimishwa kuachia kiti cha Bohemia, na mwaka uliofuata akafa. Kepler akahamia Linz, mji wa Austria ulio kwenye ukingo wa mto Danube, kuwa mwanahisabati wa jimbo. Kule nako mchungaji wa kanisa lake mwenyewe akamnyima meza ya Bwana kwa sababu hakukubali kutia saini kila kipengele cha imani kama kilivyoandikwa. Aliamini kanisa hilo hilo, akaishi nje ya mlango wake.

Alikuwa na watoto wa kulea, akaamua kuoa tena. Na hapa ndipo tabia yake inapochekesha kidogo: aliwafikiria wanawake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, akipima faida na hasara za kila mmoja, kisha akamwandikia barua ndefu mheshimiwa mmoja kumweleza jinsi hesabu hizo zilivyokwenda. Marafiki walimshauri achukue mwenye hadhi. Yeye akamchagua wa tano, Susanna Reuttinger, yatima wa miaka 24 asiye na mali. Walifunga ndoa tarehe 30 Oktoba 1613. Kwa taarifa zilizopo, safari hii hesabu ilitoka sawa.

Mwaka huo zabibu zilizaa sana Austria ya Chini, na mvinyo ukauzwa kwa bei nzuri. Novemba boti zikapanda Danube zikiwa zimesheheni mapipa, ukingo wa mto pale Linz ukajaa. Mume mpya, nyumba mpya, Kepler akanunua mapipa kadhaa, yakapelekwa nyumbani. Siku nne baadaye muuzaji akaja kuyapima ili wajue malipo ni kiasi gani. Alikuja na fimbo moja tu.

Fikiria unavyoona wewe. Pipa lina urefu, lina upana wa vifuniko viwili, na lina tumbo lililotokeza katikati. Muuzaji hakupima urefu. Hakupima kifuniko. Tumbo wala hakuligusa. Aliingiza fimbo kwenye tundu lililopo katikati ya tumbo, akaisukuma kimshazari mpaka ikagota chini kabisa, pale kifuniko kinapokutana na mbao za ubavuni, akasoma alama iliyochorwa kwenye fimbo, akataja kiasi. Huyo, pipa linalofuata. Pipa fupi nene, pipa refu jembamba, fimbo ni hiyo hiyo, kipimo ni hicho hicho kimoja.

Kepler alishtuka. Alikuwa ameishi sehemu nyingine za nchi za Kijerumani, na alijua kwamba kule kwenye mto Rhine watu walihangaika zaidi: walijaza pipa chombo kwa chombo wakihesabu, au walipima vipimo kadhaa ndipo wakapiga hesabu. Hapa mtu anachovya kijiti halafu anadai pesa. Je, inawezekana namba moja ikajua ujazo wote wa ndani ya pipa? Au wanunuzi wa Linz wanaibiwa kila msimu wa mavuno, kiroho safi kabisa?

Kwa wasomaji wa Kiswahili swali hili si geni. Sisi wenyewe tumegombana karne nyingi juu ya pishi na kibaba, na leo bado tunagombana juu ya lumbesa. Hata neno letu pipa lilikuja na Wareno pamoja na chombo chenyewe. Tofauti ni kwamba Kepler hakuishia kugombana. Alikaa chini akapiga hesabu.

Twende naye taratibu, na tulisahau tumbo la pipa kwa muda, tulichukulie kama silinda iliyolala. Fimbo inatoka kwenye tundu la katikati juu mpaka kona ya chini. Hapo kuna pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja ni nusu ya urefu wa pipa, upande wa pili ni kipenyo, na fimbo yenyewe ndiyo ule upande mrefu wa mshazari. Pythagoras anatosha. Tuseme fimbo imezama sentimita 80 kwenye kila pipa. Muuzaji atadai bei ile ile kwa yote. Pipa la kwanza lina urefu wa sentimita 150. Kipenyo kinatoka kama sentimita 28, na ndani inaingia lita 91 hivi. Pipa la pili ni fupi, urefu sentimita 40. Kipenyo kinatanuka hadi zaidi ya sentimita 77, na linabeba kama lita 188. Fimbo ile ile, pesa ile ile, mvinyo mara mbili. Mpaka hapo hofu ya Kepler ina haki kabisa, na mnunuzi wa pipa la kwanza ana haki ya kwenda polisi.

Lakini Kepler hakuishia kwenye mifano miwili. Alitengeneza jedwali, akibadilisha urefu kidogo kidogo huku fimbo ikibaki ile ile, akiangalia ujazo unavyopanda kisha unavyoshuka. Akaona kuna kilele kimoja. Pipa linabeba mvinyo mwingi kuliko yote pale urefu wake unapokuwa sawa na kipenyo kikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani kama 1.41. Kwa fimbo yetu ya sentimita 80 hilo ni pipa la urefu wa sentimita 92 na kipenyo cha sentimita 65, na linabeba karibu lita 310.

Sasa linganisha na mafundi wa Austria. Wao walikuwa na kanuni yao ya karakana: gawanya urefu wa ubao wa ubavuni kwa tatu, sehemu moja ndiyo iwe nusukipenyo cha kifuniko. Maana yake urefu ni mara moja na nusu ya kipenyo. Si 1.41, ni 1.5, lakini ni jirani. Piga hesabu: kwa fimbo ya 80 hilo ni pipa la sentimita 96 kwa 64, tarakimu zinakaa vizuri utadhani zimepangwa, na ujazo wake ni karibu lita 309. Limepungukiwa na lita moja tu kutoka kileleni.

Na jambo lililomfurahisha Kepler kuliko yote liko hapo. Ukiwa karibu na kilele, makosa hayaumi. Fundi akirefusha pipa kwa asilimia 10, au akalifupisha kwa asilimia 10, fimbo ikibaki ile ile ya sentimita 80, ujazo unashuka hadi lita 305 hivi. Asilimia 10 ya uzembe wa fundi inazaa chini ya asilimia 2 ya hasara kwa mnunuzi. Fimbo ya muuza mvinyo ilikuwa inasema kweli kwa sababu mafundi walikuwa wametengeneza mapipa ya umbo ambalo haliwezi kuidanganya. Wale wenye kalkulasi semista ya kwanza mmeshatambua: derivativu ni sifuri, kwa hiyo mabadiliko madogo hayaonekani. Kepler aliliona hilo wakati Newton na Leibniz hawajazaliwa, kwa jedwali la mkono, kwa sababu ya bili ya mvinyo.

Alama za fimbo nazo hazikuwa za kubahatisha. Mapipa yakiwa ya umbo moja, ukiongeza kina cha fimbo mara mbili, ujazo unapanda mara nane. Kwa hiyo alama zinasogeleana kadiri kina kinavyoongezeka. Aliyeitengeneza fimbo ya kwanza alilijua hilo, awe alisoma au hakusoma.

Nampenda Kepler hapa kuliko kwenye sayari. Msomi mkubwa, aliyewahi kuwa mtu wa Kaisari, aliingia kwenye suala hili akiwashuku mafundi na wafanyabiashara. Hesabu ilipowaunga mkono aliandika wazi kwamba wako sahihi, akawapa sifa kama za wanajiometri waliobobea. Ila hakuwapa hati ya jumla. Fimbo ni sahihi kwa pipa la Kiaustria. Ipeleke kwenye pipa la uwiano mwingine na unarudi kwenye ile lita 91 kwa bei ya 310.

Baada ya hapo alirudi kwenye tumbo alilokuwa ameliweka kando, maana pipa si silinda. Archimedes alikuwa ameacha mbinu za maumbo machache: tufe, koni, na jamaa zao. Kepler akachukua vipande vya duara na vya duaradufu, akavizungusha kwenye mihimili mbalimbali, akapata zaidi ya maumbo 80 mapya ambayo hayakuwa yamepimwa. Mengine aliyapa majina ya matunda. Kipande cha duara kilicho kikubwa kuliko nusu, ukikizungusha juu ya mstari wake ulionyooka, unapata tufaha lenye kishimo juu na chini. Kilicho kidogo kuliko nusu kinakupa limau, lenye ncha mbili. Na pipa ni nini? Pipa ni limau lililokatwa ncha zote mbili. Ukishaliona hivyo hulioni tena vinginevyo.

Namna alivyopima ndiyo inayogusa kompyuta zetu. Aliukata mwili mzima kuwa vipande vyembamba visivyohesabika, akajumlisha. Tufe alilitazama kama koni nyingi mno zilizokutanisha ncha zao katikati, kila moja ikiwa na kitako kidogo kwenye ngozi ya tufe. Jumla yake ni theluthi ya nusukipenyo mara eneo la ngozi yote. Sasa chukua modeli ya tangi iliyogeuzwa kuwa wavu wa pembetatu ndogo ndogo, kama zile tunazotuma kwenye printa ya 3D. Kompyuta inachagua nukta moja, inaiunganisha na kila pembetatu ya ngozi, inapata piramidi nyembamba, inajumlisha zote, zile zilizoelekea upande wa pili zikitolewa. Ni Kepler yule yule, isipokuwa hachoki.

Lakini inajumlisha ngozi ipi? Hapo ndipo watu wanapotoa majibu ya ajabu kwenye projekti. Umeunda tangi la vipande: mwili, vifuniko viwili, flanji, bomba la kutolea, boliti. Unabonyeza sehemu ya sifa za maumbo, programu inakuletea ujazo kwa tarakimu sita nyuma ya nukta. Watu wanashangilia, wananakili kwenye ripoti. Namba hiyo ni ujazo wa chuma. Programu haijaulizwa kuhusu uwazi wa ndani, kwa sababu kwa programu uwazi si kitu. Kilichopo ni vipande vyenye mwili, basi. Ukitaka uwazi ni lazima uugeuze uwe mwili. Unatengeneza bonge moja linalomeza asembli nzima, halafu unatoa vipande vyote ndani ya bonge hilo. Kinachobaki ni magamba ya nje, ambayo unayafuta, na donge la ndani lenye umbo la mvinyo. Donge hilo ndilo la kupima.

Na hata hapo kuna mtego. Ukiacha tundu la boliti moja wazi, au vifuniko viwili vimepishana kwa unywele, donge la ndani na gamba la nje vinaungana kupitia upenyo huo na kuwa kitu kimoja. Programu haitapiga kelele. Lazima uzibe matundu yote kwanza, mdomo wa bomba ukiwemo, na kabla ya kuziba uamue ujazo wako unaishia wapi: kwenye mdomo wa flanji, au kwenye vali? Mashine haiwezi kuamua hilo kwa niaba yako.  Kisha fanya kama Kepler: chukua tangi kama silinda tupu, piga hesabu ya mkono kwa dakika mbili, uone kama donge lako linakaribiana nayo. Tangi la mita moja na nusu kwa mita moja halitoi lita 40. Wapo waliokwenda kutetea projekti na lita 40.

Kuna swali moja katika kitabu hicho ambalo halikumkalia vizuri: pipa lililonywewa nusu. Pipa likiwa limelala na mvinyo umeshuka, kuna kiasi gani kimebaki? Alilichokonoa, hakupata jibu safi. Wahudumu wa vituo vya mafuta wanaochovya fimbo kwenye matangi yaliyolala chini ya ardhi wanatumia majedwali yaliyoandaliwa kwa swali hilo hilo.

Kitabu kilikuwa tayari, mchapishaji hakuna. Alijaribu Augsburg ikashindikana. Nani atanunua kitabu cha Kilatini cha jiometri ya mapipa? Mwishowe mchapaji Johannes Plank akaja Linz na mtambo wake, na mwaka 1615 Nova Stereometria Doliorum Vinariorum ikatoka, ikawa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuchapwa katika mji huo. Haikuuzika sana. Mwaka uliofuata akaiandika upya kwa Kijerumani, ikiwa fupi zaidi, ili wapimaji na wafanyabiashara waisome, jambo ambalo wasomi wa leo wanaoandikiana wao kwa wao wangefanya vyema kulifikiria. Waajiri wake hawakufurahishwa. Walimkumbusha kwamba analipwa kwa ajili ya ramani ya jimbo na majedwali ya sayari. Mskoti Alexander Anderson akamshambulia mwaka 1616 kwa kuvunja ukali wa uthibitisho wa Archimedes. Kwa upande wa ukali Anderson alikuwa na hoja: Kepler aliruka hatua nyingi. Lakini Cavalieri alipotoa kitabu chake cha kupima kwa vipande vyembamba mwaka 1635, na baadaye kalkulasi yenyewe ilipokuja, njia iliyofuatwa ni ile ya mwenye mapipa.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1615 ilimfikia barua ya dada yake. Mama yao, Katharina, alikuwa ametuhumiwa uchawi. Jirani mmoja aliyekuwa mgonjwa alidai kwamba mama huyo alimpa kinywaji kichungu kilichomharibu mwili. Kesi ilijikokota miaka, na Agosti 1620 bibi huyo wa zaidi ya miaka 70 akakamatwa na kufungwa minyororo. Kepler aliacha kazi, akahamisha familia, akaenda kumtetea mwenyewe. Akaandika utetezi wa zaidi ya kurasa 100, akichukua kila shahidi na kila tukio, akionyesha ugonjwa huu ulianza lini, maneno haya yalisemwa na nani kwanza, wapi uvumi umegeuzwa kuwa ushahidi. Ni kazi ile ile ya dakika 8. Septemba 1621 mama alionyeshwa vyombo vya mateso ili akiri. Hakukiri. Oktoba akaachiwa, baada ya miezi 14 kizuizini, na Aprili 1622 akafariki.

Katikati ya hayo yote, mwezi Mei 1618, aliipata sheria ya tatu, ile ya kipindi na umbali. Watoto watatu wa kwanza aliozaa na Susanna walikufa wadogo. Vita ya Miaka Thelathini ikaanza. Mwaka 1626 wakulima walioasi waliuzingira mji wa Linz, na mtambo wa Plank ukaungua. Kepler akachukua miswada yake, akahamia Ulm, na mwaka 1627 akachapa Majedwali ya Rudolf, kazi aliyodaiwa tangu enzi za Brahe.

Akiwa Ulm, halmashauri ya mji ilimpa kibarua. Vipimo vya mji vilikuwa vurugu: urefu, uzito na ujazo, kila kimoja na kiwango chake. Kepler akasanifu chungu kikubwa cha shaba nyeusi, mwaka huo huo kikasubuliwa. Kina chake ni futi mbili za Ulm. Upana wake ni dhiraa moja ya Ulm. Kikijaa kinabeba ndoo moja rasmi ya mji. Kikiwa kitupu kina uzito wa sentina tatu na nusu, na kikijazwa maji ya Danube kinafika sentina saba. Ukitaka kujua kama vipimo vya sokoni vimechezewa, chungu kimoja kinakujibu kwa urefu, kwa ujazo na kwa mizani. Hapo hakuna haja ya kumwamini muuzaji wala mwanahisabati. Chota maji, pima.

Mshahara wake wenyewe ndio haukupimika. Hazina ya Kaisari ilimlimbikizia madeni ya miaka mingi, na ahadi zilihamishwa kutoka mji hadi mji, dirisha hadi dirisha. Waliowahi kungoja bumu wanaijua hali hiyo. Mwaka 1628 akaenda Sagan kumtumikia jemadari Wallenstein, deni likiwa limekabidhiwa kwa huyo jemadari, nalo halikulipwa. Vuli ya 1630 alipanda farasi kuelekea Regensburg, ambako wakuu wa dola walikuwa wanakutana, akitumaini kupata chochote. Alifika akiwa na homa. Akafa tarehe 15 Novemba 1630, akiwa na miaka 58. Makaburi alikozikwa yaliharibiwa vitani miaka michache baadaye, na kaburi lake halionekani tena. Chungu kipo Ulm mpaka leo.